Ulijibu "Ndiyo", mbona wanasema hukujibu?

Leo hatuzungumzii malaria wala chunusi. Tunazungumzia mwaliko wa kikao unaokuja kwa barua pepe, na jibu unalolirudisha. Najua utauliza, "Sasa hiyo nayo ni afya?" Subiri kwanza, usifunge gazeti.

Siku hizi mambo mengi ya vijana hupangwa kwa kalenda ya kompyuta au ya simu. Mshauri nasaha anayeongea na vijana kwa video anakupangia muda. Shirika linalosaidia klabu ya afya ya shule yenu linawaita viongozi wa klabu kwenye kikao. Chuo kinakuita kwenye usaili baada ya kidato cha sita. Mwaliko unaingia, chini yake kuna maneno matatu: Ndiyo, Hapana, Labda. Unabonyeza "Ndiyo", unalala usingizi mnono. Siku ikifika unaambiwa, "Wewe hukujibu, nafasi yako tumempa mwenzako." Kasheshe!

Kama ni kikao cha kupanga mechi, utanung'unika kidogo halafu yataisha. Lakini je, kama ulichukua wiki tatu kujipa moyo ndipo ukakubali kuongea na mshauri kuhusu jambo linalokunyima usingizi? Wewe utadhani amekupuuza. Yeye atadhani umebadili mawazo. Watu wawili waliotaka kuongea wanaachana kimya kimya, kumbe tatizo lilikuwa jibu moja tu ambalo halikufika. Vijana wengi wakivunjwa moyo namna hiyo mara ya kwanza, hawarudi tena.

Kwa hiyo tujifunze pamoja jibu la mwaliko linakwendaje, linakwama wapi, na ufanye nini lisikwame. Tuchukulie kwamba uko Hasamba, pale Mbozi katika Mkoa wa Songwe. Kuna sababu ya kuchagua huko, utaiona mbele kidogo. Lakini hata kama uko Mtwara au Musoma, mengi ni yale yale.

MWALIKO SI BARUA YA KAWAIDA

Barua pepe ya kawaida ni maneno tu. Mtu anaandika, wewe unasoma. Mwaliko wa kikao ni tofauti. Ndani yake umebeba faili dogo ambalo mara nyingi huitwa invite.ics. Faili hilo haliandikwi kwa ajili ya macho yako. Linaandikwa ili kalenda yako ilisome.

Ndani ya faili hilo mna mambo machache: jina la kikao, siku na saa, anuani ya barua pepe ya aliyealika, anuani za walioalikwa, na namba ya pekee ya kikao hicho ambayo hakuna kikao kingine kinacho. Kila aliyealikwa ana hali yake. Mwanzoni hali yako husema kwamba bado hujajibu. Ukijibu, inageuka kuwa amekubali, amekataa, au hana uhakika.

Kanuni za faili hilo ziliandikwa mwaka 1998, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2009. Kwa sababu kampuni nyingi zinazifuata, mwaliko uliotoka Outlook unaweza kusomwa na Google Calendar, na kinyume chake. Lakini si unajua, hata watu wawili wakisoma barua moja kila mmoja anaweza kuielewa kivyake. Programu nazo ni hivyo hivyo.

Sasa, unapobonyeza "Ndiyo", programu yako huandika faili jingine dogo na kulirudisha kwa aliyekualika. Faili hilo linasema: kwa kikao chenye namba hii, mwenye anuani hii amekubali. Kalenda ya mwenzako ikilipokea, inatafuta namba ile, inatafuta anuani ile, halafu inaweka alama mbele ya jina lako. Basi. Yote hayo yanafanyika bila mtu kugusa kitu.

Kumbuka vitu hivyo viwili: namba ya kikao na anuani yako. Karibu kila tatizo tutakalolisema hapa linatokana na kimoja kati ya hivyo kukosekana, au jibu lenyewe kutoondoka.

UMEANDIKA BARUA, HUKUBONYEZA

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mwaliko unaingia, wewe kwa heshima zako unaandika: "Shikamoo. Asante sana kwa mwaliko, nitafika bila kukosa." Adabu nzuri kabisa. Ila kwa kalenda, bado hujajibu. Mashine haijui maana ya "nitafika bila kukosa". Inasubiri lile faili dogo, na barua yako ya maneno haina faili hilo.

Kama aliyekualika anasoma barua zake zote, atakuelewa. Lakini kama amealika watu 60, hatasoma moja moja. Atafungua orodha, ataangalia alama, na wewe huna alama. Ni hivyo hivyo ukimwambia kwa WhatsApp au ukimtuma rafiki akaseme. Fanya yote mawili: bonyeza kitufe kwanza, halafu andika salamu zako.

UMEALIKWA KWA ANUANI MOJA, UMEJIBU KWA NYINGINE

Vijana wengi wana anuani zaidi ya moja. Ya kwanza ulifungua ukiwa kidato cha pili, neno la siri ukalisahau. Ukafungua ya pili. Ya tatu ni ile iliyo kwenye simu ya dada. Sasa mwaliko ulitumwa kwa ile ya pili, lakini simu uliyoshika imefunguliwa kwa ile ya tatu. Ukijibu kutoka huko, kalenda ya mwenzako inapokea "Ndiyo" ya mtu ambaye hayumo kwenye orodha. Programu nyingine humwongeza kama mgeni mpya, nyingine hulitupa jibu. Vyovyote vile, jina lako linabaki na hali ile ile: bado hajajibu.

Tatizo hili linatokea pia mwalimu anapoalikwa yeye, halafu anaufowadi mwaliko kwako. Aliyealikwa ni mwalimu, si wewe. Ukibonyeza "Ndiyo" kwenye mwaliko uliofowadiwa, jibu linaweza kupotea au likaonekana la ajabu. Njia sahihi ni kumwomba mwalimu amwandikie mwenye kikao: "Mwongezeni mwanafunzi wangu, anuani yake ni hii." Hapo utapata mwaliko wako mwenyewe.

Na ushauri mmoja wa bure: chagua anuani moja ya mambo ya maana, yenye jina lako halisi, na uitumie hiyo hiyo kwa shule, kwa chuo na kwa hospitali. Zile za utani waachie washikaji.

UMEKUBALI, LAKINI UMEIAMBIA PROGRAMU ISITUME

Hili ni la Outlook hasa, ile inayokaa kwenye kompyuta. Ukibonyeza kukubali, inakuuliza swali la pili: unataka kuandika maneno kabla ya kutuma, unataka kutuma sasa hivi, au hutaki kutuma jibu? Wengi hubonyeza lile la tatu kwa haraka, kwa Kiingereza Do Not Send a Response. Matokeo yake kikao kinaingia kwenye kalenda yako vizuri kabisa, wewe unakiona, unaridhika. Lakini mwenzako hakuona kitu, kwa sababu uliiambia mashine isimwambie.

Ukitaka kuhakikisha, fungua sehemu ya barua zilizotumwa. Jibu lililotoka Outlook utaliona huko, kichwa chake kikianza na neno Accepted. Usipoliona, halikutoka.

Jambo jingine linalowatisha watu: ukishajibu, Outlook kwa kawaida huuondoa mwaliko kwenye barua zilizoingia na kuuweka kwenye zilizofutwa. Usishtuke ukidhani umefuta kikao. Kikao kiko kwenye kalenda, fungua siku yenyewe utakikuta. Usikifute huko, maana kukifuta kwenye kalenda kunaweza kumtumia mwenzako jibu la "Hapana".

JIBU LIMEKWAMA NJIANI

Umebonyeza ukiwa na bando, bando likaisha papo hapo. Au mtandao ulikuwa wa kusuasua. Kwenye simu utaona kana kwamba umeshajibu, kumbe jibu limekaa kwenye sanduku la barua zinazosubiri kutoka. Kwenye simu nyingi sanduku hilo huitwa Outbox, na likiwa kwa Kiswahili Gmail huliita Kikasha toezi. Lifungue. Likiwa na kitu ndani, bado hakijaondoka. Tafuta mtandao, subiri mpaka liwe tupu.

Sababu nyingine ni nafasi kujaa. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, na nafasi hiyo ni ya barua, picha na mafaili yote kwa pamoja. Picha na video zikijaza, akaunti inaweza kuacha kupokea na kutuma barua. Unaona? Video za send-off ya binamu zinaweza kuzuia jibu la mshauri wako. Futa usivyohitaji.

Na kwenye maabara ya kompyuta ya shule kuna kioja kingine. Kompyuta ya zamani ina betri ndogo ndani inayoiwezesha kukumbuka tarehe. Betri ikifa, kila ukiiwasha kompyuta inadhani ni miaka mingi iliyopita. Hapo kurasa za barua pepe zinakataa kufunguka na kukuandikia kwamba muunganisho si salama. Wanafunzi hudhani intaneti ni mbovu. Kabla hujalaumu mtandao, tazama tarehe pale pembeni chini. Ikiwa si ya leo, mwambie mwalimu wa kompyuta airekebishe.

SAA IPI HIYO? HAPA NDIPO TUNDUMA INAPOINGIA

Hapa ndipo wa Hasamba mnatofautiana na wenzenu wa Mtwara.

Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, ile inayohesabiwa kutoka Greenwich, Uingereza. Zambia iko saa 2 mbele. Kwa hiyo saa 4:00 asubuhi ya Tunduma ni saa 3:00 asubuhi ya Nakonde, ingawa kutoka mji mmoja hadi mwingine unatembea kwa miguu. Waulize madereva wa malori wanaopita Vwawa kwenda mpakani, watakwambia: ukivuka unarudisha saa nyuma.

Simu nayo "inavuka" bila wewe kuvuka. Simu nyingi zimepangwa kuchukua saa kutoka kwenye mnara wa mtandao. Ukiwa Tunduma karibu na mpaka, simu inaweza kushika mnara wa upande wa Zambia, na saa yake ikarudi nyuma kwa saa moja. Sasa tazama mambo yanavyoharibika. Wewe na simu hiyo mnapanga kikao cha klabu saa 4:00 asubuhi, na mnatuma mialiko. Simu inaandika saa 4:00 ya Zambia. Wenzako walioko Hasamba, Vwawa na Mlowo wanaona kwenye kalenda zao saa 5:00. Wote wanajibu "Ndiyo". Majibu yamefika salama, lakini wewe unafika saa 4 kwa saa ya ukutani na wao wanafika saa 5. Mnagombana, na kila mmoja ana haki.

Dawa yake ni ndogo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, zima ile ya kuchukua ukanda wa saa kutoka kwenye mtandao, halafu chagua mwenyewe Dar es Salaam au Nairobi. Miji hiyo miwili iko ukanda mmoja. Kwenye kompyuta za Windows huenda Dar es Salaam usiione katika orodha, basi chagua Nairobi.

Zingatia neno "ukanda". Kuna kompyuta nyingi zilizotoka dukani zikiwa na ukanda wa saa wa Marekani ya magharibi. Mtu anaona saa si sawa, anaisogeza kwa mkono mpaka ilingane na ya ukutani. Saa sasa inaonekana sawa, lakini ukanda bado ni wa Marekani. Mwezi wa Januari mwaliko wa saa 4 asubuhi utaonekana kwenye kompyuta hiyo kuwa ni saa 5 usiku wa siku iliyotangulia! Ukiona kikao cha usiku wa manane, usicheke, kagua ukanda.

Halafu kuna saa yetu wenyewe. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, kalenda inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 1 asubuhi kwenye kalenda ni 07:00. Saa 4 asubuhi ni 10:00. Saa 8 mchana ni 14:00. Saa 12 jioni ni 18:00. Kwa saa za mchana unaongeza 6. Kwa saa za usiku kabla ya saa sita, unaongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Ukiandika 04:00 ukimaanisha saa nne asubuhi, umewaita watu saa kumi alfajiri. Kwa hiyo ndani ya mwaliko andika na maneno: "Saa nne kamili asubuhi, saa za Tanzania." Maneno matatu tu ya ziada, na ugomvi wote umekwisha.

KIKAO KIMEHAMISHWA

Ulijibu "Ndiyo" wiki iliyopita. Jana kikao kikahamishwa kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, na mwaliko mpya ukatumwa. Jibu lako la zamani lilikuwa la Jumanne. Mara nyingi kalenda inataka ujibu upya, na usipojibu utaonekana hujasema kitu. Kwa hiyo ukiona barua yenye jina la kikao kile kile, usiseme "Ah, hii nilishajibu." Soma tarehe. Jibu tena.

ANUANI MOJA, WATU KUMI

Klabu nyingi zina anuani moja inayotumiwa na viongozi wote. Ni jambo zuri kwa kuhifadhi barua, ila kwa mialiko lina mtego. Kwa kalenda, anuani moja ni mtu mmoja. Mwenyekiti akibonyeza "Ndiyo" asubuhi na mweka hazina akabonyeza "Hapana" jioni kwa sababu yeye ana mtihani, jibu linalobaki ni la mwisho: klabu nzima haiji. Kubalianeni nani ndiye anayejibu, na awe mmoja tu.

NA SIRI YAKO JE?

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo afya yako inapohusika moja kwa moja.

Tangu sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 iliporekebishwa mwaka 2019, kijana aliyefikisha miaka 15 anaweza kuamua mwenyewe kupima VVU bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Sheria hiyo pia inataka matokeo yako yawe siri. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa zako, zikiwemo za afya. Sheria zipo. Lakini sheria haiwezi kuizuia simu ya familia kulia mezani wakati wa chakula na kuandika kwa herufi kubwa: "Ushauri nasaha, saa 10 jioni".

Kalenda hupenda kukumbusha. Ukikubali mwaliko kwenye simu inayotumiwa na kaka, mama na shangazi, wote wanaweza kuuona. Kwa hiyo, kwanza, kwa mambo ya siri tumia anuani ambayo haijafunguliwa kwenye simu ya watu wengi. Pili, mwombe mshauri aandike jina la kikao la kawaida, kwa mfano "Mazungumzo". Wewe unajua, yeye anajua, inatosha. Hataona ajabu, ni ombi la haki. Tatu, zima ukumbusho wa kikao hicho kama simu si yako peke yako. Nne, ukitumia kompyuta ya shule au ya kibanda cha intaneti, toka kabisa kwenye akaunti kabla hujanyanyuka. Kufunga dirisha si kutoka.

Kuna na hili: katika Google Calendar, walioalikwa kwa kawaida wanaona orodha ya walioalikwa wote, isipokuwa mwenye kikao akiwa ameizima. Maana yake, mwaliko mmoja uliotumwa kwa vijana 12 wanaohudhuria kliniki fulani umewatangaza wote 12 kwa wenzao. Na ukiongeza maneno kwenye jibu lako, kama vile "Nitachelewa, naenda kuchukua dawa", wageni wengine wanaweza kuyasoma. Kabla hujabonyeza, tazama orodha kama inaonekana. Ikiwa inaonekana na jambo ni la siri, usijibu hapo. Mpigie aliyekualika, mwambie. Kama wewe ndiye unayealika, ondoa alama kwenye ruhusa ya wageni kuona orodha, au tuma mwaliko mmoja mmoja.

MWALIKO WA MTU USIYEMJUA

Si kila mwaliko unastahili jibu. Matapeli nao wanajua kutumia kalenda. Unakuta kikao kimeingia: "Umechaguliwa kupata ufadhili, bonyeza hapa uthibitishe." Ukibonyeza unaombwa neno la siri au pesa ya usajili. Hata "Hapana" usijibu, maana jibu lolote linamwambia tapeli kwamba anuani hii ina mtu. Iripoti kuwa ni barua taka, basi. Kwenye mipangilio ya Google Calendar unaweza kuchagua kwamba mialiko iingie yenyewe kwenye kalenda ikiwa tu inatoka kwa mtu unayemfahamu.

HAPANA NI JIBU PIA

Vijana wengi wakiona hawataweza kufika wanauchuna. Wanaona aibu kukataa, hasa aliyealika akiwa mkubwa. Lakini fikiria upande wa pili. Mshauri ametenga dakika 40 kwa ajili yako. Ukisema "Hapana" mapema, kijana mwingine anapata dakika hizo. Ukinyamaza, zinapotea.

Kukataa si utovu wa adabu. Bonyeza "Hapana", halafu andika: "Samahani, siku hiyo nina mtihani. Naomba Alhamisi kama inawezekana." Baadhi ya programu zina hata sehemu ya kupendekeza muda mwingine. "Labda" itumie pale tu ambapo kweli hujui, na ukishajua, irudie uibadilishe. Ukibadilisha mawazo baada ya kusema "Ndiyo", fungua mwaliko ule ule na ubonyeze upya. Jibu la mwisho ndilo linalohesabiwa.

BASI FANYA HIVI

Ukishajibu mwaliko wa maana, kabla hujaweka simu chini, pitia mambo haya:

1. Je, anuani iliyoalikwa ndiyo niliyojibu nayo?
2. Je, nimebonyeza kitufe, au nimeandika maneno tu?
3. Je, sanduku la barua zinazosubiri kutoka ni tupu?
4. Je, kikao kinaonekana kwenye kalenda, siku sahihi na saa sahihi, kwa saa za Tanzania?
5. Je, kuna mtu mwingine anayeweza kuona mwaliko huu, na je, hilo ni sawa kwangu?
6. Siku moja kabla, je, nimemuuliza aliyekualika kama amelipata jibu langu?

Hilo la sita ndilo kubwa kuliko yote. Ujumbe mmoja mfupi, "Naomba kuthibitisha, jibu langu umelipata?", unamaliza mashaka yote hayo hapo juu. Usione haya kuuliza. Anayekualika anafurahi kujua kwamba unakuja.

Na ikitokea umefanya yote hayo na bado ukaambiwa hukujibu, usikimbilie kusema "hawanipendi" au "hawa wana dharau". Mwambie mwenzako akague upande wake: huenda jibu liliingia kwenye barua taka, au lilifika kwenye anuani ya msaidizi wake. Omba muda mwingine. Ulichotaka kukisema bado kina uzito ule ule.

Kama jambo lenyewe haliwezi kusubiri mwaliko mwingine, usisubiri kalenda. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, ongea na mwalimu wa malezi unayemwamini, au kama una umri chini ya miaka 18 piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure. Hapo huhitaji barua pepe wala bando. Unapiga, na mtu anapokea.